Ziwa Nyanza si Jalala la Injini Kuukuu

Ndugu msomaji, wiki hii twataka kuzungumza juu ya moshi, na twakuomba usigeuze ukurasa.

Hivi karibuni nilipanda mashua moja ya mizigo kutoka Musoma kwenda visiwani. Kwa kuitazama haikuwa mbovu. Mbao zake nzuri, rangi mpya, jina limeandikwa kwa herufi kubwa. Lakini injini yake ilikuwa ya lori. Ilitolewa katika lori lililochoka, ikafungwa katikati ya mashua juu ya magogo mawili, na bomba lake la moshi likaishia kwenye kimo cha bega la abiria aliyeketi. Upepo ulipotujia kwa nyuma, moshi wote ukalala juu yetu. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alimhamishia kifuani, akamfunika uso kwa kanga. Tulipofika, kanga ile ya njano ilikuwa na doa jeusi pale pale mtoto alipokuwa akipumulia.

Nikamwambia mwenye mashua, "Kijana wangu, watu wako wanakula masizi." Akacheka kwa adabu, akanijibu, "Mzee, moshi haumzamishi mtu."

Neno lile limenikaa kichwani mpaka leo, maana nusu yake ni kweli. Sisi wa Mara twajua kinachozamisha watu. Twakumbuka MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu walipopotea karibu na Mwanza. Twakumbuka MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, zaidi ya watu 220 walipokufa mbele ya macho ya ndugu zao hatua chache kufika Ukara. Kivuko kile kilikuwa kimefanyiwa matengenezo makubwa ya injini miezi michache tu kabla. Injini haikuokoa mtu, kwa sababu walipanda wengi kupita kiasi. Basi mtu akisema usalama kwanza, moshi baadaye, hatumwiti mjinga. Lakini nusu ya pili ya neno la kijana yule si kweli, na hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza.

Kwanza yatupasa kujibu swali la ndugu zetu wa Nyamwaga na Mugumu wanaosoma gazeti hili: haya mambo ya injini za meli yatuhusu nini? Sisi ni watu wa ng'ombe, mahindi na ndizi. Tangu Rorya ilipokatwa kutoka Tarime mwaka 2007, Shirati na Kinesi zilikwenda na Rorya, na Tarime ikabaki wilaya isiyogusa ziwa. Serengeti ndiyo kabisa, watu huijua kwa nyumbu na simba.

Jibu liko juu ya vichwa vyetu. Kiasi cha asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Nyanza ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito yote, pamoja na Mara wetu, inaleta sehemu ndogo iliyobaki. Na mvua nyingi za milima ya Tarime huzaliwa ziwani: mawingu yanakusanyika huko, yanapanda, yanatunyeshea. Ziwa latupa sisi na sisi twalirudishia kwa Mto Mara, unaopita kati ya Tarime na Serengeti ukaingia kwenye matope ya mafunjo kabla ya daraja la Kirumi. Kwa hiyo kinachoingia hewani juu ya ziwa hakikai ziwani. Kinatembea. Na kinachoingia ziwani hakitoki upesi, maana ziwa hili halina mlango mkubwa wa kutokea ila ule wa Jinja. Maji mengi yanaondoka kwa kuvukizwa na jua, na uchafu haupandi pamoja na mvuke.

Watafiti wa pwani zote tatu wamekwisha kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya fosforasi na naitrojeni inayolirutubisha ziwa kupita kiasi yatoka hewani, kwa vumbi na kwa mvua. Rutuba hiyo ndiyo inayolisha magugu maji na ule ukijani unaonuka kwenye ghuba. Hatusemi kwamba meli ndizo zenye kosa kubwa. La. Moto wa mashamba, vumbi la udongo uliovuliwa miti na maji machafu ya miji vimezidi meli mara nyingi. Tunasema haya mapema ili asije mtu akasema tumetia chumvi. Lakini meli zitaongezeka, na ndipo shauri lilipo.

Ziongezeke kwa nini? Reli mpya ya kisasa inajengwa kuelekea Mwanza. Waganda wamejenga bandari ya mafuta Bugiri-Bukasa karibu na Entebbe ili mafuta yavuke kwa meli badala ya kuzunguka kwa malori. MV Umoja, ile meli ya kubeba mabehewa ya treni iliyolala karibu miaka kumi, ilirudi safari za Port Bell mwaka 2018. MV Victoria ilirudi majini mwaka 2020 ikiwa na injini mpya. Meli kubwa kuliko zote tulizopata kuunda, MV Mwanza, ya kuchukua abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ilishushwa majini Februari 2023. Haya ni mambo ya kujivunia na sisi twayafurahia. Wazee wanaikumbuka Victoria ilivyokuja vipande vipande kutoka Glasgow, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata Uhuru. Wakati ule hakuna mwananchi aliyeulizwa iwekwe injini ya namna gani. Iliamuliwa Ulaya. Leo twaagiza wenyewe, kwa fedha zetu wenyewe. Mwenye kuagiza ana haki ya kutaja sharti, na asiyetaja sharti huletewa kilichobaki ghalani.

Sasa moshi wenyewe ni nini? Injini ya dizeli haina plagi ya kuwashia. Inaibana hewa ndani ya silinda mpaka inakuwa moto sana, kisha mafuta yanapulizwa humo na kulipuka yenyewe. Kwa sababu ya joto lile kali, naitrojeni na oksijeni za hewani, ambazo siku zote hukaa pamoja bila ugomvi, zinashikana na kuwa gesi yenye sumu. Gesi hiyo hukereketa mapafu, na ikikutana na mvua hugeuka tindikali na mbolea. Hiyo ni namna ya kwanza ya uchafu, na jicho haliioni. Ya pili ni masizi, yale meusi ya kanga: mafuta yasiyoungua sawasawa, kwa kuwa nozeli zimekwisha, au pampu imeharibika, au injini imepewa mzigo kuliko nguvu zake. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyoleta saratani, bila shaka yoyote tena. Ya tatu ni salfa, na hiyo yatoka ndani ya mafuta yenyewe, si katika injini.

Wenzetu wenye meli nyingi wamekwisha kuweka mizani. Mkataba wa dunia wa kuzuia uchafu wa meli uliongezewa mwaka 1997 sehemu ya sita, inayohusu hewa, na sehemu hiyo ikaanza kutumika Mei 2005. Yahusu injini zenye nguvu zaidi ya kilowati 130. Ina madaraja matatu. Chukua injini ndogo ya mbio, ya mizunguko 2,000 kwa dakika: meli iliyoundwa kuanzia mwaka 2000 iliruhusiwa kutoa gramu 9.8 za ile gesi kwa kila uniti moja ya kazi, yaani uniti ile ile unayoinunua kwa LUKU. Kuanzia mwaka 2011 ikashushwa kuwa gramu 7.7. Daraja la tatu ni gramu 2 tu. Lakini angalieni ujanja: daraja hilo la tatu halitakiwi kila mahali. Latakiwa kwenye pwani za Marekani na Kanada tangu 2016, na kwenye bahari za kaskazini ya Ulaya kwa meli zilizoundwa tangu 2021. Nje ya hapo, meli hiyo hiyo yaruhusiwa kuzima mtambo wake wa kusafisha na kupuliza kama zamani. Hewa safi imewekewa mpaka kama shamba la setla.

Tena mkataba huo umeandikwa kwa ajili ya bahari. Nyanza si bahari. Ni maji baridi, ya kunywa, yenye watu pande zote. Hapo twaona kwamba hata tukiufuata mkataba wa bahari neno kwa neno, bado hatujajipatia sheria inayotufaa. Wazungu wenyewe waliliona jambo hili katika mito yao. Kwa Rhine na Danube, ambako meli hupita katikati ya miji, Umoja wa Ulaya ulitoa sheria mwaka 2016, ikaanza kwa injini ndogo mwaka 2019 na kwa kubwa mwaka 2020, na sheria hiyo ni kali kuliko ya bahari, maana inahesabu hata chembe za masizi. Hawakusema, "Hii ni mito tu." Walisema kwamba mahali watu wanapoishi karibu na chombo, chombo kiwe safi zaidi. Nasi twasema hivyo hivyo juu ya Musoma, ambayo maji yake ya bomba yanavutwa ziwani.

Lakini sheria ya Ulaya inatuletea na hatari. Injini ikitolewa katika meli ya huko kwa kuwa haitakiwi tena, haitupwi. Ina bei, na bei hiyo yatafuta mnunuzi. Twajua njia hiyo vizuri kwa motokaa, friji na nguo. Motokaa kuukuu ikifika Mombasa yaulizwa umri. Kenya haipokei iliyozidi miaka minane. Injini ya mashua iliyokuja ndani ya kontena pamoja na magiaboksi na matairi, nani anaiuliza umri wake? Inashuka, inapakwa rangi ya fedha, inauzwa kama "mpya ya Dubai", na baada ya mwezi mmoja imekwisha kufungwa katika mashua inayobeba mama na mtoto.

Hapa tutasikia sauti mbili, na zote mbili twazijua.

Sauti ya kwanza yatoka kwa wafanya biashara na baadhi ya wakubwa: "Injini safi ni za matajiri. Mafuta yetu ni machafu, zitakufa mara moja." Hili lilikuwa kweli zamani. Leo si kweli tena, na inafaa kila mwanachama alijue, kwa kuwa ni jambo la kutupa moyo. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana kwamba dizeli inayouzwa kwetu isizidi salfa sehemu 50 katika milioni. Meli za bahari kuu, baada ya makelele ya miaka mingi, ziliruhusiwa kuanzia Januari 2020 zisizidi sehemu 5,000 katika milioni. Hesabu mwenyewe. Dizeli ya kituo cha mafuta cha Tarime mjini, kwa sheria, yapaswa kuwa na salfa mara mia pungufu kuliko mafuta ya meli kubwa za Ulaya na Asia zinazopita Bahari ya Hindi. Hata katika zile pwani zao za heshima kiwango ni 1,000. Kwa mafuta sisi si watu wa nyuma. Tumetangulia, wala hatukutambua.

Kinachotuponza ni uchakachuaji. Mtu anatia mafuta ya taa ndani ya dizeli usiku, au anavusha madumu njia za panya pale Sirari, hakuna ajuaye kilichomo. Serikali ilianza kutia alama katika mafuta mwaka 2010 ili kuwanasa watu wa namna hii, na mchezo ule umepungua, lakini ufukweni, ambako mafuta huuzwa kwa ndoo na kupimwa kwa jicho, mkaguzi haonekani mara nyingi. Mchakachuaji anaiba mara mbili: anaiba fedha ya mnunuzi, kisha anaiua injini yake. Injini ya kisasa ina nozeli zenye matundu madogo sana. Haivumilii maji wala mafuta ya taa kama ile ya lori la babu.

Sauti ya pili yatoka kwa rafiki zetu wasomi, na kwa wafadhili: "Basi nunueni daraja la tatu, safi kabisa, tutawakopesha." Hapa nasi tuwe macho. Daraja hilo kwa kawaida hupatikana kwa kuongeza mtambo nyuma ya injini. Ndani ya bomba la moshi hunyunyizwa maji ya yurea. Moto unayageuza kuwa amonia, na amonia ikipita na moshi katika sanduku lenye madini maalumu, ile gesi yenye sumu inarudi kuwa naitrojeni ya kawaida na maji. Ni akili nzuri sana. Wakulima wetu wanaifahamu yurea: ndiyo ile ya mfuko, ya kukuzia mahindi. Lakini asithubutu mtu kukoroga ya mfuko na kuitia humo. Ya injini husafishwa sana, ya meli huwa asilimia 40 ndani ya maji safi, na ile ya shambani itaziba sanduku lote.

Malori ya Ulaya yanayopita Sirari mengi yana mfumo huo huo. Muulize dereva yeyote. Maji hayo yakiisha, lori limeundwa lipunguze nguvu mpaka ujaze. Dereva akikwama mbali na mji anamwita fundi wa kando ya barabara, fundi anauzima mfumo wote kwa kidude kidogo cha umeme, na tangu hapo lori lile "safi" linatoa moshi pengine kuliko kuukuu. Sasa ondoa barabara, weka ziwa, usiku, mawimbi ya Julai, na abiria mia nne. Je, injini itafanya nini yurea ikiisha? Swali hili lazima liulizwe kabla ya kutia sahihi, na jibu liandikwe: chombo cha abiria kisipunguze nguvu kwa sababu hiyo, kitoe onyo na kuandika kosa katika kumbukumbu, basi. Na yurea ya kutosha iwe imewekwa Mwanza, Musoma, Bukoba, Kisumu na Port Bell. Kama haiwezi kuwekwa, afadhali daraja la pili lililotunzwa vizuri na kupewa mafuta safi kuliko daraja la tatu lililozimwa.

Iko na hila nyingine ambayo twaikataa kabisa. Baadhi ya meli za bahari, ili ziendelee kuchoma mafuta machafu ya bei rahisi, zimefungwa mtambo wa kuosha moshi kwa maji ya bahari. Moshi unatoka mweupe, watu wanapiga makofi, na yale maji yaliyooshea, yenye tindikali na masizi, yanamwagwa baharini. Bandari kadhaa za dunia zimekwisha kupiga marufuku umwagaji huo. Kwetu mtambo wa namna hiyo usiingie hata kwa maonyesho. Kutoa uchafu hewani na kuutia katika kisima unachonywea si kusafisha.

Watu wa Nyamongo hawahitaji kufundishwa jambo hili. Waliona mwaka 2009, maji ya mgodi yalipovuja yakaingia Mto Tigithe, jinsi karatasi zilivyokuwa nyingi na nzuri, na jinsi ng'ombe walivyokuwa hawajui kusoma karatasi. Toka siku ile mtu wa Tarime akionyeshwa cheti anauliza: nani alipima, lini, na wapi? Ni swali la akili. Hata Ulaya kwenyewe, mwaka 2015, kampuni ya Volkswagen ilikiri kwamba motokaa kama milioni 11 zilikuwa na programu ya kudanganya: zikiwa katika chumba cha kupimia zinatoa hewa safi, zikitoka barabarani zinapuliza zipendavyo. Cheti zilikuwa nacho. Ndiyo maana twasema injini ya meli yetu ipimwe ikiwa ndani ya maji yetu, na mzigo wake, mbele ya watu wetu.

Na watu hao wawepo. Hapa ndipo tunapogusa kidonda. Meli twaweza kuagiza, lakini nani ataitunza? Mhandisi wa kigeni anakaa mwaka wa dhamana, anaondoka na kompyuta yake, na kompyuta ile ndiyo yenye funguo za injini. Taa nyekundu ikiwaka baada ya hapo, fundi wetu hodari, aliyefundishwa kwa spana na sikio, anaambiwa hana ruhusa ya kufungua. Huo ni ukoloni wa funguo, na hatuoni jina lingine la kuupa. Fundi asiyeruhusiwa kufungua atafanya nini? Atakata waya. Na waya wa kwanza kukatwa siku zote ni ule wa mtambo wa moshi, maana bila mtambo huo meli bado inakwenda.

Basi mkataba wowote wa kununua injini uandikwe wazi kwamba vitabu, programu ya kupimia na funguo zake vitakabidhiwa kwetu, na mafundi wetu wafundishwe hapa hapa, si kwa kuwapeleka wawili watatu ng'ambo wiki mbili wakarudi na suti. Dar es Salaam kuna chuo cha mabaharia. Nyegezi kuna chuo cha uvuvi. Musoma kuna VETA. Kwa nini kijana wa Sirari au Mugumu asiweze kujifunza dizeli ya meli VETA Musoma, mpaka kupima moshi na kusoma kosa kwenye kioo? Vijana wetu ni mafundi wa kuzaliwa. Tazama wanavyozishona upya injini za malori ya mgodini na mashine za kusaga. Kinachokosekana ni darasa na chombo cha kupimia.

Kuhusu sheria, hatuanzi patupu. Bunge la Afrika Mashariki lilitoa Sheria ya Usafiri wa Ziwa Victoria mwaka 2007, na ofisi ya bonde la ziwa iko Kisumu. Tanzania pekee ina karibu nusu ya ziwa. Tukipima peke yetu na Uganda na Kenya wasipime, mashua ya moshi itaandikishwa upande wa pili na kuvua upande wetu. Upepo hauna pasi. Kwa hiyo mizani iwe moja kwa nchi zote tatu, na sisi wenye eneo kubwa kuliko wote tuitangulie, tusingoje kuitwa. Mizani yenyewe isiwe nakala ya bahari. Kwa meli mpya za abiria iangalie masizi kwanza, kwa kuwa masizi ndiyo yanayomfikia yule mama, na gesi baada yake. Kwa injini kuukuu zinazoingizwa, iwe na umri wa mwisho na kipimo cha moshi bandarini, na isiyopita ivunjwe kwa nyundo pale pale, isiuzwe mnada.

Nimerudi sasa kwa kijana wa mashua. Yeye si adui. Alinunua injini aliyoweza kuinunua, na lau angengoja injini ya mizani ya Ulaya watu wa visiwani wangekaa bila unga. Sheria itakayomkamata yeye na kumwacha aliyeingiza kontena ni sheria ya kuonea, nasi hatutaiunga mkono. Kwa leo, bomba lake la moshi laweza kupandishwa juu ya vichwa vya watu kwa kipande cha chuma na siku moja ya kazi ya welda. Nozeli zake zaweza kupimwa kwa gharama isiyozidi ya gunia chache za mahindi, na mafuta atakayookoa yatamlipa. Kwa kesho, ushirika wa wenye mashua wapewe mkopo wa injini mpya ndogo za dizeli zilizotengenezwa kwa ajili ya maji, kama wakulima walivyopewa mikopo ya matrekta, mkopo ulipwe kwa msimu. Upande wa Mbita, Kenya, wako wavuvi wanaokodi injini za betri zisizotoa moshi hata kidogo. Hazijafaa kwa mizigo mizito, lakini kwa dagaa wa usiku zimeanza kufaa, na twaweza kwenda kutazama bila aibu. Mbita si mbali.

Katika matawi yetu mikutano ya bajeti yakaribia. Wabunge na madiwani wa Mara watasimama kuomba barabara, madawati na maji, na waombe kwa sauti. Twawaomba waongeze maswali matatu, nao wayajibiwe kwa tarakimu: injini za meli mpya za Nyanza zimepimwa na nani zikiwa majini, funguo za kompyuta zake ziko mikononi mwa nani, na mwaka jana ni injini ngapi kuukuu za meli zilizoshuka katika bandari zetu, zikapita Sirari, bila kuulizwa umri.